Rudyard Kipling na Majina Yasiyoandikwa

Mkaazi wa Mombasa apitaye Barabara ya Jomo Kenyatta huziona zile sanamu za askari kila siku. Wa Dar es Salaam huiona ya kwao katikati ya mji, Barabara ya Samora, na wa Nairobi huziona tatu pamoja katika Barabara ya Kenyatta. Zote ni kazi ya mchongaji mmoja wa Kiingereza, James Alexander Stevenson. Za Mombasa na Dar es Salaam zilizinduliwa mwaka 1927, na za Nairobi mwaka 1928. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Wengi huyapita bila ya kujua kuwa aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mmoja wa waandishi mashuhuri kabisa wa zama zake, na kwamba alipoyatunga alikuwa mzazi aliyefiwa na mwana asiyejulikana alipozikwa.

Kipling alizaliwa Bombay, Bara Hindi, tarehe 30 Desemba 1865. Baba yake alikuwa mwalimu wa sanaa katika mji huo. Mtoto alilelewa na yaya na watumishi wa Kihindi, hata akasema Kihindustani kwa ufasaha kuliko Kiingereza cha wazazi wake. Alipotimia miaka mitano alipelekwa Uingereza pamoja na dada yake, wakawekwa katika nyumba ya watu baki, na huko aliona mateso ambayo hakuyasahau maisha yake yote.

Mwaka 1882, akiwa bado hajatimiza miaka 17, alirudi Bara Hindi na kuajiriwa katika gazeti moja la Lahore. Kazi hiyo ilimpa nafasi ya kuingia kila mahali: sokoni, mahakamani na katika kambi za jeshi. Hapo ndipo alipopata habari za askari wa kawaida, yule asiye na cheo, ambaye wakati wa amani hudharauliwa na wakati wa vita husifiwa. Waandishi wengi wa siku zile waliandika juu ya majenerali. Kipling aliandika juu ya huyu. Mashairi yake ya askari yalipotoka mwaka 1892 yalimpa sifa kubwa Uingereza nzima. Baadaye vilifuata vitabu vya hadithi za wanyama wa mwituni ambavyo watoto wa dunia nzima wamevisoma, na mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 41, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alikuwa mwandishi wa kwanza wa lugha ya Kiingereza kuipata.

Hata hivyo, msomaji asidhani kuwa mtu huyu alikuwa rafiki wa uhuru wetu. Kipling aliamini kwa moyo wake wote kuwa Waingereza walistahili kutawala mataifa mengine, na kalamu yake aliitumia kuitetea dola hiyo. Kwa sababu hiyo watu wengi wa Asia na Afrika humsoma kwa uchungu, nao wana haki.

Vita vikuu vilipozuka mwaka 1914, Kipling alikuwa mstari wa mbele kuwahimiza vijana wajiandikishe. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alitaka kwenda lakini alikataliwa kwa sababu macho yake yalikuwa dhaifu mno. Baba akamwendea rafiki yake, Jemadari Mkuu Lord Roberts, akamwombea kijana nafasi katika kikosi cha Irish Guards. Ombi likakubaliwa. Tarehe 27 Septemba 1915, wiki sita tu baada ya kutimiza miaka 18, John alipotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa. Maiti yake haikuonekana. Kwa miaka kadhaa Kipling na mkewe waliwatafuta askari waliokuwa pamoja naye, wakawauliza mmoja mmoja walichokiona siku ile. Hawakupata kaburi la kulizuru.

Mwaka 1917 Uingereza iliunda Tume ya Makaburi ya Vita, na Kipling akaingia kuwa mjumbe wake. Yeye ndiye aliyechagua au kutunga maneno mengi yaliyochongwa katika makaburi hayo. Tena alisimama pamoja na wale waliotaka usawa: jemadari na askari mdogo, tajiri na maskini, wote wapate jiwe la namna moja, na asiyejulikana alipolala jina lake liandikwe ukutani. Matajiri waliokuwa na uwezo wa kuwarudisha maiti wao kwao walilalamika, lakini mwaka 1920 shauri la usawa lilipita Bungeni.

Basi na tutazame huku kwetu. Vita vya Afrika Mashariki vilianza Agosti 1914 na Wajerumani hawakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918. Pwani ilitoa watu wake. Kikosi cha Waarabu kiliundwa Mombasa chini ya Meja Wavell, naye akauawa Mwele mwezi Januari 1916. Bara ilitoa askari wa Keya, na zaidi ya askari ilitoa wapagazi. Mwaka 1917 amri ilitolewa kukusanya wanaume kwa wingi, na Ukambani, Machakos na Kitui, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochukuliwa watu wengi. Walibeba vyakula na risasi hadi kusini ya Tanganyika, wakafa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wanahistoria hukisia kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wanakaribia 100,000. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yanatokana na jeshi hilo la wapagazi.

Katika maandishi ya sanamu, Kipling hakuwasahau. Aliwataja wapagazi kando, kuwa bila ya wao jeshi lisingeweza kwenda wala kutenda. Na mwisho aliahidi kuwa anayekufa akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Lakini msomaji akizunguka sanamu hizo pande zote hatakuta jina hata moja. Tume ile ile iliyoapa usawa huko Ufaransa ilikubali, kwa Afrika Mashariki, kuwa sanamu zitatosha. Makaburi ya Wazungu yalitunzwa na majina yao yakachongwa. Makaburi mengi ya askari na wapagazi wa Kiafrika yaliachwa yamezwe na mwitu. Wakubwa wengine waliandika kuwa Mwafrika hajali mambo ya kuweka alama juu ya kaburi.

Neno hilo halina kweli. Ukisafiri kutoka Machakos kwenda Kitui utapita soko liitwalo Kwa Vonza, maana yake ni mahali pa Vonza. Ukambani imejaa majina ya namna hiyo. Hakuna serikali iliyochonga jiwe, lakini vinywa vya watu vimelihifadhi jina la mtu hata likawa jina la mji. Watu kama hao ndio walioambiwa kuwa hawajali majina ya wafu wao! Nasi wa pwani twajua uzito wa kumsalia maiti aliye mbali, asiyekuwapo mbele yetu. Hatumwombei kwa jumla tu, twamtaja yeye.

Kipling alifariki London tarehe 18 Januari 1936, na majivu yake yakawekwa Westminster Abbey. Jina la John lilikwisha chongwa katika ukuta wa Loos tangu 1930, na mwaka 1992 Tume ililiweka jina hilo juu ya kaburi moja la huko Ufaransa ambalo hapo kwanza halikuwa na jina. Ilichukua miaka 77.

Mwezi Aprili 2021 Tume hiyo ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo imeanza kuyatafuta majina katika madaftari ya zamani, hapa Kenya pia.

Kazi hiyo si ya Tume peke yake. Ziko nyumba, pwani na bara, ambazo wazee wake bado wanajua babu gani alikwenda vitani asirudi. Mwenye jina na aliandike kabla mzee hajaondoka nalo. Ahadi iliyochongwa chini ya sanamu iliwekwa juu ya watoto wa wale waliokufa, na watoto hao ni sisi.