Jack Mack: Mjenzi wa malori aliyeliacha jina lake barabarani

Kwa zaidi ya karne moja, jina la Mack limesomwa kwenye pua za malori mazito ya Marekani. Lakini mtu aliyelirithi jina hilo kwa baba yake na kulitia kwenye chuma aliondoka katika kampuni aliyoiasisi kabla ya kuundwa lile lori lililoipatia sifa duniani. Haya ndiyo maisha ya John Michael Mack, aliyejulikana na wote kwa jina la Jack.

Tarehe 14 Machi mwaka 1924, Jack Mack alikuwa safarini kwa shughuli zake za biashara karibu na Weatherly, mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania. Gari lake dogo liligongwa na tramu, naye akapoteza maisha akiwa na umri wa miaka 59. Siku hiyo maelfu ya malori yenye jina lake yalikuwa yakibeba makaa, mawe na mbao katika miji ya Marekani. Hata hivyo, miaka 12 ilikuwa imepita tangu alipoacha kuwa na kauli katika kiwanda kilichoyaunda.

Kijana wa shamba na nyumbu

Jack Mack alizaliwa tarehe 27 Oktoba mwaka 1864 huko Mount Cobb, kijiji kilicho karibu na mji wa Scranton, kaskazini mashariki mwa Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kijerumani walioishi kwa kilimo. Eneo hilo lilikuwa maarufu kwa migodi ya makaa ya mawe, na mtoto aliyekulia huko alizoea tangu utotoni kuona mizigo mizito ikikokotwa na wanyama kwenye njia mbovu.

Maisha ya shamba hayakumshika. Akiwa na umri wa miaka 14 tu, aliondoka nyumbani akaenda kujitafutia riziki kwa kuendesha magari ya kukokotwa na wanyama. Kazi hiyo haikuwa na heshima kubwa, lakini ilikuwa shule. Mwendeshaji aliyafahamu mambo ambayo tajiri mwenye mzigo hakuyaona: uzito unaovunja ekseli, mteremko unaowashinda wanyama na tope linalomeza gurudumu. Baadaye Mack alijifunza kuendesha mitambo ya mvuke, na hivyo akayachanganya maarifa ya aina mbili ambayo kwa nadra yalikutana katika mtu mmoja, yaani maarifa ya mzigo na maarifa ya mashine.

Mwaka 1890 aliajiriwa na Fallesen and Berry, karakana ya magari ya farasi iliyokuwa Brooklyn. Wakati huo Brooklyn ilikuwa bado jiji linalojitegemea, kwani iliunganishwa na New York mwaka 1898. Miaka mitatu baadaye, Jack na mdogo wake Augustus, aliyeitwa Gus, waliinunua karakana hiyo.

Wakati walioununulia haukuwa mwema. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani uliingia katika msukosuko mkubwa, mabenki yakafungwa na watu wengi wakakosa kazi. Aliyekuwa na gari la zamani alilitengeneza badala ya kununua jipya. Ndugu hao wawili nao wakageukia zaidi kazi ya ukarabati, na mwaka uliofuata kaka yao William, aliyekuwa na uzoefu wa kuunda magari ya farasi huko Scranton, akajiunga nao. Kwa mtu mwenye macho ya kuona, ukarabati ulikuwa na faida yake: kila siku karakana ilipokea vyombo vilivyovunjika, na kila kilichovunjika kilionyesha mahali ambapo mwundaji wake alikosea.

Basi la kwanza

Katika miaka hiyo, ndugu wa Mack walijaribu kuunda gari la mvuke na jingine la umeme, lakini hawakuridhika na lolote kati ya hayo. Mambo yalibadilika Jack alipopanda gari la petroli la aina ya Winton lililokuwa la jirani yake. Alishuka akiwa na imani kwamba yeye na ndugu zake wangeweza kuunda gari lenye nguvu zaidi na lisiloharibika ovyo.

Kwa mujibu wa historia ya kampuni yenyewe, chombo chao cha kwanza kilichofanikiwa kilikamilika mwaka 1900. Hakikuwa gari la tajiri la kutembelea mjini, bali basi la abiria 20, lililotumika kuwatembeza watalii katika bustani ya Prospect Park, Brooklyn. Lilikuwa na injini ya silinda nne, na nguvu zake zilipelekwa kwenye magurudumu kwa mnyororo. Basi hilo lilifanya kazi hiyo kwa takriban miaka minane, kisha likageuzwa kuwa gari la mizigo na kuendelea kutumika.

Uimara huo ndio uliowajengea jina. Mwaka 1901 waliandikisha rasmi kampuni yao mjini New York. Chema chajiuza, wahenga walisema, na wateja wakaanza kufika bila kuitwa. Karakana ya Brooklyn ikawa finyu. Mwaka 1905, kwa msaada wa ndugu yao mwingine, Joseph, aliyekuwa katika biashara ya hariri huko Allentown, Pennsylvania, walihamishia sehemu kubwa ya uundaji katika mji huo, ndani ya majengo yaliyokuwa kiwanda cha kusubu vyuma. Baadaye ndugu wa tano, Charles, naye akaingia. Hivyo watoto watano wa mkulima mmoja wakawa chini ya paa moja.

Kumfikiria dereva

Ubunifu wa Jack Mack unaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka kwamba yeye mwenyewe alianza kama mwendeshaji. Katika magari ya wakati huo, kubadilisha gia kulimaanisha kusukuma gurudumu moja lenye meno liingiliane na jingine huku yote mawili yakizunguka. Dereva asiye na ujuzi aliyagonganisha meno hayo hadi yakavunjika. Na madereva wengi hawakuwa na ujuzi, kwani jana yake tu walikuwa wakishika hatamu za farasi.

Badala ya kuwalaumu madereva, Mack alibuni giaboksi ambamo meno yalibaki yameshikana wakati wote. Dereva alichagua tu ni jozi ipi ipokee nguvu ya injini. Kosa lake halikuwa tena na uwezo wa kuiharibu mashine. Katika kipindi hicho hicho, kampuni ilianza kuunda malori ambayo kiti cha dereva kilikaa juu ya injini. Mpangilio huo ulilifanya gari kuwa fupi na rahisi kugeuka katika mitaa myembamba, huku likiachiwa nafasi kubwa ya mzigo nyuma.

Si mizigo ya wafanyabiashara pekee iliyowanufaisha. Mwaka 1910 kiwanda hicho kilikabidhi gari la zimamoto lenye ngazi ndefu, lililoendeshwa kwa injini badala ya farasi. Kazi ya zimamoto ni mtihani mkali, kwa kuwa gari hulala siku nyingi kisha hutakiwa kuwaka papo hapo, na likikataa, nyumba huteketea.

Mwaka huo huo lilitokea jambo ambalo wakati ule lilionekana dogo. Hadi hapo, magari ya ndugu hao yalikuwa yakiuzwa kwa jina la Manhattan. Mwaka 1910 jina hilo liliachwa, na mahali pake likawekwa jina la ukoo wao. Kwa mara ya kwanza, mpita njia aliyesimama mbele ya lori lao alisoma neno Mack.

Mtaji waingia, ndugu watoka

Kufikia mwaka 1911 kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 800 na iliunda takriban magari 600 kwa mwaka. Mafanikio hayo ndiyo yaliyoleta tatizo. Lori zito ni ghali kuundwa. Chuma, mishahara na mitambo hulipiwa miezi kadhaa kabla ya mteja kutoa fedha yake. Kadiri maagizo yalivyoongezeka, ndivyo ndugu hao walivyohitaji fedha nyingi zaidi kuliko walizoweza kupata kutoka mifukoni mwao.

Fedha hizo zilikuwako New York, katika mabenki makubwa ya uwekezaji, miongoni mwao benki ya J.P. Morgan. Mwaka 1911 kampuni ya akina Mack iliunganishwa na ile iliyokuwa ikiunda nchini Marekani malori ya Saurer, yenye asili ya Uswisi. Chini ya mwavuli mpya ulioitwa International Motor Company, waliokuwa na usemi wa mwisho hawakuwa tena mafundi waliokulia karakanani, bali wasimamizi walioletwa na wenye mtaji.

Jack hakudumu humo. Mwaka 1912 aliondoka. Katika kuuza hisa na kutia saini, ndugu hao walikuwa wametoa zaidi ya majengo na mitambo: jina lao lilibaki kiwandani kama mali ya kampuni, nao wakatoka nje bila hilo.

Hata hivyo, Jack hakuiacha kazi aliyoijua. Akishirikiana na Roland Carr, alianzisha Allentown kampuni nyingine ya malori na kuiita Maccarr, kwa kuunganisha majina yao mawili. Baadaye kampuni hiyo ilihamia Scranton, si mbali na kijiji alikozaliwa, na herufi moja ya jina lake ikapunguzwa. Iliendelea hadi miaka ya 1930, lakini haikupata kamwe kufikia kimo cha ile ya kwanza. Fundi aliyewafundisha watu kuliamini jina la Mack sasa alipaswa kushindana nalo.

Mbwa mkaidi wa vitani

Lori lililoieneza sifa ya Mack ulimwenguni lilitoka mwaka 1916, miaka minne baada ya Jack kuondoka. Liliitwa AC, na miongoni mwa wahandisi walioliunda alikuwa Alfred Masury. Sura yake haikufanana na ya lori lolote jingine. Rejeta iliwekwa nyuma ya injini badala ya mbele, ili isiwe ya kwanza kupasuka gari likigonga kitu. Kwa sababu hiyo pua ya lori ilikuwa fupi, yenye kuinama na iliyofunikwa bapa. Magurudumu ya nyuma yalizungushwa kwa minyororo, kama yale ya basi la kwanza la Brooklyn.

Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, maelfu ya malori ya Mack yalivushwa bahari hadi Ufaransa, mengine yakitumiwa na jeshi la Uingereza. Yalivuta mizigo katika tope ambamo magari mengine yalikwama. Wanajeshi wa Kiingereza, walipoitazama pua ile bapa na ukaidi wa lori lenyewe, waliifananisha na sura ya buldogi, mbwa wa kwao asiyeachia anachokiuma. Jina hilo la utani lilivuka bahari kurudi Marekani.

Mwaka 1922 kampuni ilibadili jina na kuitwa Mack Trucks, ikamchukua mbwa huyo kuwa nembo yake. Kwa hiyo Jack, katika miaka yake miwili ya mwisho, alishuhudia jina lake likirejeshwa juu ya lango la kampuni ambayo haikuwa tena yake. Sanamu ndogo ya mbwa inayokaa juu ya boneti hakuwahi kuiona. Ilichongwa mwaka 1932 na Masury, akiwa hospitalini akipata nafuu baada ya upasuaji. Naye Masury hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki mwezi Aprili mwaka 1933, meli ya angani Akron ya jeshi la majini la Marekani ilipoanguka baharini.

Lori la AC liliendelea kuundwa hadi mwaka 1939, na idadi yake ilipita 40,000. Malori ya Mack yalitumika pia katika ujenzi wa bwawa kubwa la Hoover magharibi mwa nchi hiyo. Jina likaingia hadi katika mazungumzo ya kila siku: Mmarekani akitaka kumsifu mtu mwenye mwili uliojengeka na asiyetikisika, humfananisha na lori la Mack, hata kama hajui kwamba Mack alikuwa binadamu.

Kilichobaki

Baada ya hapo kampuni iliendelea kupita mikononi mwa wenye mitaji. Mwaka 1990 iliingia kikamilifu chini ya Renault ya Ufaransa, na tangu mwaka 2001 imo katika kundi la Volvo la Sweden. Makao makuu yamehamia jimbo la North Carolina. Lakini malori yenyewe bado yanaunganishwa Macungie, mwendo mfupi kutoka Allentown, na mjini Allentown kwenyewe kuna makumbusho yanayohifadhi magari ya kale ya kampuni hiyo.

Wamiliki wote hao walinunua majengo, mitambo na hataza, na kila mmoja angeweza kulibadilisha jina iwapo angependa. Hakuna aliyethubutu. Imani ya wateja iliyojengwa na waendeshaji na mafundi wa karakana ya Brooklyn ilikuwa na thamani kuliko jina lolote jipya. Jack Mack hakufa akiwa bwana wa kiwanda, na wajukuu wa wakulima wa Mount Cobb hawana amri juu ya lori linalopita mbele ya milango yao. Lakini neno lililo kwenye pua ya lori hilo ni lao, na linasomeka kutoka mbali.