Mchungaji Mtikila, Msindikizaji Aliyeibwaga Serikali Arusha

Wanachuo wenzangu, kila uchaguzi nchi hii una wasindikizaji wake. Mwaka 2020 watu walicheka na Hashim Rungwe wa CHAUMMA, aliyenadi ubwabwa mpaka akabatizwa Mzee wa Ubwabwa. Hata chuoni yupo yule anayeomba urais wa serikali ya wanafunzi kwa sera ya kuongeza nyama kwenye pilau. Tunamshangilia, tunamrekodi video, halafu kura tunampa mwingine.

Msindikizaji ninayetaka kumsimulia mimi ni Mchungaji Christopher Mtikila. Mzaliwa wa Ludewa, mwaka 1950, kiongozi wa kanisa la Full Salvation na mwenyekiti wa Democratic Party, yaani DP. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, sheria ilitaka kila chama kiwe na wanachama bara na visiwani. Mtikila akagoma. Muungano hakuutambua, alikuwa anaidai Tanganyika yake. Basi DP ikakaa bila usajili mpaka 2002, na watu wakaiita chama cha mfukoni. Jukwaani alikuwa burudani: sauti kali, maneno ya kuchoma. Mengine hayachekeshi hata kidogo. Neno lake la magabacholi, kwa Watanzania wenye asili ya Asia, lilikuwa la chuki, na sitaki tulipambe kwa sababu tu mwenyewe keshafariki.

Lakini mtu asiye na chama kilichosajiliwa angegombea vipi? Sheria ilimtaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Hapo ndipo yule wa kuchekwa akawa mtu wa kesi. Alifungua shauri Mahakama Kuu, Dodoma, mwaka 1993. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kwamba mgombea binafsi ni halali. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likabadili Katiba kuuzima uamuzi huo. Yaani umeshinda mechi, halafu mwenzako anahamisha goli!

Mwaka 2005 hatimaye jina lake likawa kwenye karatasi ya urais, safari hii kwa tiketi ya DP. Alipata kura 31,083, sawa na asilimia 0.27. Kwa hesabu hizo ni kichekesho kweli. Ila mwaka huohuo alirudi mahakamani kudai haki ya mtu asiye na tiketi, wakati yeye mwenyewe tiketi alishaipata. Hili ndilo linalonifanya nimheshimu. Mahakama Kuu ikampa tena ushindi mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikautengua Juni 2010, ikisema suala hilo ni la Bunge.

Wengi tungeishia hapo. Yeye akaja kwetu. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Dodoma utayaona majengo ya TANAPA, na humo ndimo ilimo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alilazimika kuvuka bahari hadi New York, kuieleza Umoja wa Mataifa jinsi Wameru walivyofukuzwa Engare Nanyuki. Mtikila alikwenda kuishtaki serikali yake palepale chini ya Mlima Meru. Alifungua kesi Juni 2011, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika nao wakafungua ya kwao, zikaunganishwa. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikasema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika kwa kumzuia raia kugombea bila chama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuamua kesi kwa undani wake na kuikuta nchi na hatia. Wanaosoma sheria, jina mnalokutana nalo kwenye kesi hiyo ni la huyuhuyu wa asilimia 0.27.

Hukumu haijatekelezwa. Novemba 2019 serikali ilijiondoa kwenye tamko lililowaruhusu raia na asasi kuishtaki moja kwa moja pale, kwa hiyo leo mwanafunzi wa Arusha anaweza kupita getini kila siku na asiweze kufungua kesi kama ya Mtikila.

Mwenyewe alifariki tarehe 4 Oktoba 2015 kwa ajali ya gari huko Msolwa, Chalinze. Wiki tatu baadaye nchi ikapiga kura. Karatasi ya urais ilikuwa na majina manane, yote ya vyama.