Marie Curie na mawe ya Shinkolobwe: mambo aliyosema na mambo aliyoficha

Sisi wa Likasi tunaishi karibu na mawe yenye majina ya watu. Huko Shinkolobwe, mwendo wa kilomita karibu 20 kutoka mjini, yalipatikana mawe ya rangi nzuri ambayo wataalamu hawakuwa wameyaona mahali pengine. Moja lina rangi ya chungwa. Mwaka 1921 lilipewa jina la curite, kwa heshima ya Pierre Curie. Lingine ni la manjano. Mwaka 1924 liliitwa sklodowskite. Hilo ni jina la ukoo alilozaliwa nalo mke wa Pierre, Maria Skłodowska, ambaye dunia inamjua kama Marie Curie. Mama huyu hakufika Katanga hata siku moja. Lakini jina lake limo katika udongo wetu, na mawe yetu yaliingia katika kazi yake.

Vijana wengi wa makanisa yetu wanaosoma fizikia na kemia wanajua kwamba alipata tuzo mbili za Nobel, ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911. Wanaijua sifa yake, lakini yeye mwenyewe hawamjui. Tena si rahisi kumjua, kwa sababu hakupenda kujieleza. Waandishi wa magazeti walipoanza kumfuata mpaka mlangoni, aliona ni usumbufu. Kwake yeye, katika sayansi watu waangalie kitu kinachochunguzwa, wasimwangalie anayekichunguza.

Mtu aliyemfungua kinywa alikuwa mama mwenzake. Mwezi wa Mei 1920, Marie Meloney, mhariri wa gazeti la wanawake la New York, alikubaliwa kumtembelea Paris. Alikuta mwanamke mpole, amevaa nguo nyeusi, katika maabara isiyo na vifaa vya kutosha. Alipomuuliza anahitaji nini zaidi, jibu lilikuwa gramu moja ya radiamu. Wakati huo gramu moja iliuzwa dola 100,000. Marie na mume wake ndio walioigundua radiamu, na walikataa kujiwekea haki ya kuitoza pesa, ili kila mtu aweze kuitumia. Sasa yeye mwenyewe hakuweza kuinunua.

Wanawake wa Marekani wakachangishana. Tarehe 20 Mei 1921, Rais Harding akamkabidhi zawadi hiyo katika ikulu ya Washington. Usiku uliotangulia, Marie alisoma hati ya zawadi akaikataa jinsi ilivyoandikwa. Alitaka iandikwe kwamba radiamu ni mali ya maabara, isiwe mali yake, maana kama angekufa ingekuwa urithi wa binti zake. Hakukubali kungoja kesho. Mwanasheria alitafutwa usiku uleule.

Basi, ili watu wachange, ilibidi wamfahamu. Meloney akamsihi aandike habari za maisha yake. Kitabu chake juu ya Pierre kilipotoka New York mwaka 1923, mwishoni aliongeza kurasa chache juu yake mwenyewe. Ndani yake, na katika kitabu ambacho binti yake Ève alikitoa mwaka 1937, tunapata mambo madogo madogo ambayo vitabu vya shule huyaacha.

Alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, wakati Poland ilikuwa chini ya utawala wa Urusi na watoto walilazimishwa kusoma kwa lugha ya mtawala. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watano. Baba yake alifundisha hesabu na fizikia. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu wakati Maria alikuwa na miaka 10 tu, na huzuni hiyo ilimkaa muda mrefu. Hakuishika tena imani ya utotoni mwake, na sisi hatutamgeuza kuwa mwamini baada ya kufa kwake. Tunamchukua kama alivyokuwa.

Alipatana na dada yake Bronia: Bronia atangulie Paris kusomea udaktari, Maria abaki kufanya kazi na kumtumia pesa, baadaye Bronia naye amsaidie. Akaenda kijijini kuwa mwalimu wa nyumbani kwa watoto wa tajiri. Jioni alifundisha watoto wa wakulima kusoma Kipolandi, jambo ambalo lingeweza kumletea adhabu ya serikali. Alingoja miaka. Alipofika Paris mwaka 1891 alikuwa anakaribia miaka 24, umri ambao wengi wetu huona ni kuchelewa kuanza chuo kikuu.

Alipanga chumba cha darini, orofa ya sita. Makaa ya kuotea moto aliyapandisha mwenyewe kwa ngazi. Wakati wa baridi maji yaliganda ndani ya beseni, naye alirundika nguo zake zote juu ya kitanda apate usingizi. Mwaka 1893 akawa wa kwanza katika mtihani wa shahada ya fizikia. Alipoolewa na Pierre mwaka 1895, walifanya safari yao ya arusi kwa baiskeli. Mtoto wao wa kwanza, Irène, alipozaliwa mwaka 1897, mama aliweka daftari ya nyumbani, akaandika jino lililotoka na neno jipya alilosema mtoto. Mwaka uliofuata, katika daftari nyingine, aliandika vipimo vilivyowafikisha kwenye poloniamu na radiamu.

Kazi yenyewe ilifanyika katika banda lililovuja mvua. Alichemsha mawe yaliyosagwa, kilo 20 kwa mara moja, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma ndefu karibu kama yeye mwenyewe. Jioni alikuwa hoi. Kutoka mawe ya tani kadhaa, mpaka mwaka 1902 alipata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Na usiku, baada ya kumlaza mtoto, yeye na Pierre walirudi bandani bila kuwasha taa, wakasimama kuangalia chupa zao ndogo zikitoa mwanga gizani. Alikumbuka mwanga huo kwa furaha maisha yake yote.

Tunayasimulia haya kwa sababu yana faida. Mtoto wa Kikula au wa Panda anayeonyeshwa medali tu hudhani kwamba sayansi ni ya watu wa namna nyingine. Akisikia habari za beseni lililoganda, dada aliyelipiwa masomo na daftari la meno ya mtoto, anatambua maisha yanayofanana na ya nyumbani kwao.

Mawe ya kwanza aliyochemsha Marie yalitoka Bohemia. Ya kwetu yalikuja baadaye. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp alitambua uraniamu Shinkolobwe. Union Minière ikaanza kuchimba mwaka 1921, na mawe yakasafirishwa mpaka Olen, Ubelgiji, ambako radiamu ya kwanza ilitolewa mwaka 1922. Mawe ya Katanga yalikuwa na utajiri mwingi hata bei ya radiamu duniani ikashuka sana. Marie aliporudi Marekani mwaka 1929 kuomba gramu nyingine, ya hospitali ya saratani ya Warsaw, dola 50,000 zilitosha, na radiamu hiyo ilinunuliwa Ubelgiji. Hospitali ilifunguliwa tarehe 29 Mei 1932, Marie na Bronia wakiwapo. Kwa njia hiyo, mawe yaliyochimbwa karibu na Likasi yalifika kwenye vitanda vya wagonjwa wa Poland. Majina ya Wakongomani walioyachimba na kuyachagua kwa mikono hayakupewa jiwe lolote.

Lakini kuna upande ambao Marie hakuusema waziwazi. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekuwa ngumu na zenye maumivu kwa kushika radiamu. Masikio yalivuma. Macho yake yaliingiwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa mara nne, kuanzia mwaka 1923. Hospitalini alijiandikisha kwa jina lisilo lake, akawaomba binti zake wasimwambie mtu. Darasani alisoma masomo yake kutoka karatasi zenye maandishi makubwa mno, na kwenye vipimo vya mashine aliweka alama za rangi apate kuziona, ili wanafunzi wasigundue. Wafanyakazi wake aliwaagiza watumie koleo na kinga za risasi, wapimwe na damu. Yeye mwenyewe hakuyafuata maagizo hayo vizuri.

Kwa nini alificha? Aliogopa kuhurumiwa, na aliogopa kazi kusimama. Labda pia ilikuwa vigumu kushuhudia vibaya juu ya kitu alichokipenda kuliko vyote, ambacho kweli kilikuwa kinaponya watu. Alikufa tarehe 4 Julai 1934, akiwa na miaka 66. Uboho wa mifupa yake ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu. Radiamu, pamoja na eksirei alizowapiga askari waliojeruhiwa katika vita ya 1914 mpaka 1918, zilikuwa zimemla polepole. Daftari zake za maabara zinahifadhiwa Paris katika masanduku ya risasi, maana mpaka leo zinatoa mionzi. Yale ambayo kinywa chake hakikutaka kusema, karatasi zake bado zinayasema.

Habari hii inatuhusu kwa karibu. Uraniamu ya Shinkolobwe ilitumiwa pia katika bomu la Hiroshima la mwaka 1945, na dunia nzima inajua. Kinachojulikana kidogo ni habari za miili ya watu wa hapa. Watu walirudi kuchimba kobalti kwa mikono katika ardhi ileile, mpaka serikali ilipopiga marufuku mwaka 2004, na mwaka huohuo ardhi iliporomoka ikaua watu. Baba anayerudi nyumbani na vumbi la mawe kwenye nguo, mama anayezifua, mtoto anayecheza karibu ya beseni: hao wanahitaji mtu mwenye elimu awaambie ukweli kwa lugha wanayoisikia.

Katika makanisa yetu tumezoea ushuhuda. Tunasimama mbele ya ndugu na kueleza tulikotoka. Lakini mara nyingi tunasimulia ushindi tu: masomo yaliyomalizika, kazi iliyopatikana, ugonjwa uliokwisha. Lile lingali linauma tunalifunika, kama Marie alivyofunika macho yake, kwa hofu ya kuonekana dhaifu au ya kupoteza kazi.

Kwa hiyo tuna ombi kwa wauguzi wa chumba cha eksirei, mafundi wa viwanda, walimu wa kemia na wajiolojia walio katika makusanyiko yetu. Mkialikwa kusema na vijana, waelezeni beseni lenu lililoganda: ada zilizokosekana, ndugu aliyewasaidia, mtihani mlioshindwa na kuurudia. Halafu msiishie hapo. Mwambieni pia kijana anayeipenda kazi yenu kwamba mkono umeuma, kwamba kikohozi hakijaisha, na kwamba kinga inavaliwa hata siku ambayo mkubwa wa kazi hayupo. Marie aliwapa wengine kinga, akawanyima habari zake. Vijana wa Likasi wapewe vyote viwili.