Jumatano: Maji ya Ngarambe

Soma 1 Samweli 4:1-11 na 2 Wafalme 18:1-4.

Wengi wetu tulilijua jina la Kinjikitile Ngwale tukiwa shuleni, katika somo la historia au katika tamthilia ya Ebrahim Hussein. Aliishi Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji, wakati wa utawala wa Wajerumani. Tangu mwaka 1902 watu wa pande zile walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya maakida na majumbe, wakisimamiwa kwa viboko, kwa malipo ambayo wengine walikataa hata kuyapokea. Tusilisahau jambo hilo. Waliokwenda kwa Kinjikitile hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wanaoonewa waliotafuta mahali pa kukimbilia.

Husimuliwa kwamba mwaka 1904 alishikwa na pepo aliyeitwa Hongo, akazama katika kidimbwi, na siku ya pili akatoka nguo zake zikiwa kavu. Toka hapo akaanza kutabiri. Alifundisha kwamba watu wote weusi ni wamoja na kwamba mababu waliokufa watarudi. Akatoa dawa: maji, mbono na nafaka. Aliyenyunyiziwa maji hayo hangedhurika, kwa kuwa risasi za Mjerumani zingegeuka kuwa maji. Watu walimiminika Ngarambe kwa maelfu.

Lakini yeye mwenyewe aliwaambia wangoje. Hawakungoja. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita ikaanza. Kinjikitile alikamatwa, akanyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti. Vita aliyoiandalia watu haikuwa imemaliza hata majuma mawili.

Angalia kilichofuata. Mganga alikufa, dawa ikaendelea kusafiri. Wajumbe waliileta hata katika bonde letu la Kilombero, na Wambunga na Wapogoro wakaipokea. Tarehe 30 Agosti, siku 26 baada ya kifo chake, waliliendea boma la Mahenge, ng'ambo ya mto wetu, wakakutana na bunduki za rashasha. Waliomwamini walianguka. Baadaye Wajerumani walichoma vyakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wako wanahistoria wanaofikisha hesabu ya waliokufa katika vita yote hadi 300,000.

Sasa rudi Ebenezeri. Waisraeli nao walikuwa wanaonewa, na Wafilisti. Walipopigwa mara ya kwanza hawakuuliza kama wamemkosea Bwana. Walituma watu Shilo kulileta sanduku la agano. Wakapiga kelele za shangwe hata nchi ikavuma. Siku ile walianguka askari 30,000, na sanduku likatwaliwa. Tena sanduku lile lilikuwa la Mungu kweli, limetengenezwa kwa agizo lake! Hata nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu alikuja kufukiziwa uvumba, mpaka Hezekia akamvunja vipande vipande.

Basi sanamu si gogo la kuchonga peke yake. Ni rahisi kuwacheka wa Ngarambe, huku chupa ya maji ya upako iko kabatini, Biblia imewekwa chini ya mto wa mtoto ili wachawi wasipite, na zaka inatolewa kama ada ya kumlipa Mungu atulinde. (Mwandishi amewahi kuilaza Biblia hivyo, bila kuifungua juma zima.) Vitu hivi haviombi toba, wala havitudai kumjua aliye nyuma yake. Pengine ndiyo sababu tunavipenda.

Jadilianeni darasani: Mama amefika Sabato na mtoto mgonjwa, na hirizi iko kiunoni mwa mtoto. Ninyi mtaanza na hirizi, au mtaanza na nauli ya kumfikisha hospitali Ifakara?