Eric Shipton: Aliyetangulia Kwenye Kamba

Sisi tuliolelewa karibu na Mlima Kenya tumezoea kuutazama kwa mbali. Batian na Nelion, vilele vyake viwili virefu zaidi, ni majina yaliyotokana na viongozi wa Kimaasai, ingawa aliyevibandika ni Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian mwaka 1899 akiwa na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps. Makala haya yanamhusu kijana aliyefuata miaka thelathini baadaye, bila mwongozaji yeyote wa kulipwa.

Eric Shipton alizaliwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mwaka 1907. Babaye alifariki angali mtoto mdogo. Shuleni kusoma kulimlemea mno, jambo linalostaajabisha kwa mtu ambaye baadaye aliandika vitabu vinavyosomwa hadi leo. Ukwezi alijifunza katika Alps: kwanza nyuma ya waongozaji, kisha na wenzake tu. Mwaka 1928 alikuja Kenya kujifunza kilimo cha kahawa.

Yafaa msomaji aelewe maana ya kutangulia wakati huo. Siku hizi anayetangulia huchomeka kabari za chuma katika nyufa za mwamba kila baada ya hatua kadhaa na kupitisha kamba humo, hivi kwamba akiteleza haanguki mbali. Shipton hakuwa na vifaa hivyo. Kamba ya katani ilifungwa kiunoni moja kwa moja, na ilimfaa zaidi yule wa nyuma. Aliyetangulia hakuruhusiwa kuanguka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni nzima. Kwa hivyo usalama wake ulikuwa katika kuusoma mwamba kabla ya kuushika, na kutopanda mahali asipoweza kushuka.

Mnamo Januari 1929, Shipton na Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni, walikuwa wa kwanza kufika Nelion (mita 5188). Wakavuka pengo liitwalo Lango la Ukungu hadi Batian (mita 5199). Habari hizo zilimfikia Bill Tilman, mkulima wa Sotik aliyepigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, naye akamwandikia barua. Tilman alimzidi Shipton umri kwa takriban miaka tisa, lakini kwenye miamba alikuwa mwanafunzi.

Mwaka 1930 wawili hao waliupanda ukingo wa magharibi wa Batian, ambao haukuwa umepandwa na mtu. Hapa ndipo busara ya Shipton inapodhihirika, kwani walishukia kusini-mashariki, njia aliyoijua tangu 1929. Upande mgeni aliutumia kupanda. Upande aliouzoea akauhifadhia saa za uchovu na giza.

Muda mfupi baadaye, walipokuwa wakishuka kilele kidogo cha Midget Peak, theluji ilianguka na mwamba ukawa utelezi. Katika kushuka, mwenye ujuzi zaidi hubaki juu. Tilman aliteleza akapoteza fahamu, akaning'inia. Shipton aliishikilia kamba na kumteremsha hadi mahali pa kukanyaga. Lau wangepangana kinyume, yamkini tusingekuwa na habari zao za baadaye.

Nazo habari hizo ni nyingi: Kamet mwaka 1931, bonde la Nanda Devi pamoja na Tilman mwaka 1934, na safari kadhaa za Everest. Mwaka 1935 Shipton ndiye aliyemwajiri Tenzing Norgay kwa mara ya kwanza, na mwaka 1951 aliongoza uchunguzi wa njia ya kusini. Hata hivyo, mwaka 1952 kamati ya London ilimpa John Hunt uongozi wa safari ya mwaka uliofuata, naye Shipton akajiondoa. Alionekana hana kiu ya kutosha ya kilele, na alizichukia safari kubwa. Kwa maoni yangu, tabia iliyomnyima Everest ni ile ile iliyomwokoa Tilman.

Shipton alifariki Machi 1977. Kabla mwaka haujafika ukingoni, Tilman naye alipotea baharini katika Atlantiki ya kusini.