Marconi, mtu aliyepatia mashua masikio

Wandugu wa kazi, na ninyi wamama mnaongojea watu wenu kwenye kivuko, hapa kwetu Kasongo na Kabambare kile kiredio cha mkononi tunakiita Motorola, hata kama kimeandikwa jina lingine. Walinzi wa migodi wanacho, na sasa wenye mitumbwi ya injini wanaopanda na kushuka Lualaba wameanza kukivaa kiunoni. Leo tunaleta maisha ya mtu aliyefungua ile njia, Guglielmo Marconi. Ndani yake kuna usiku mmoja ambao sisi watu wa sindika hatuusahau.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 huko Bologna, Italia. Baba alikuwa na mali na mashamba. Mama, Annie Jameson, alitoka Irlandi, katika jamaa la watengeneza wiski. Kijana hakupata diploma ya universite. Alijifungia ghorofani kwa baba yake na nyaya, betri na vyombo ambavyo mabwana kama Hertz, Branly na Lodge walikuwa wamekwisha kuvionyesha. Tuseme ukweli: hakuvumbua kila kitu peke yake. Alikamata vya wengine, akaviunganisha, akaenda mbali kuliko wao.

Mwaka 1895 aliinua waya mmoja juu, mwingine akauzika udongoni, na alama zikavuka kilima. Wanasimulia kwamba ngambo ya kilima, fasi kaka yake Alfonso alipokuwa, walipiga bunduki hewani. Ule mlio njo ulikuwa jibu kwamba alama zimefika. Lakini msidanganyike na kile kilima. Mawimbi ya Motorola ni mafupi, yanakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na mlima unayakata. Ndiyo maana kule Luama, ukiwa bondeni, unaita mpaka sauti inakauka na hakuna anayeitika. Panda fasi ya juu na ya wazi, simamisha antena, ndipo uite.

Mwaka 1896 alienda Uingereza na mama yake, akaomba hati ya uvumbuzi, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni. Wakati ule meli ikitoka bandarini ilikuwa kama imekufa mpaka ionekane tena. Mwaka 1899 meli moja iliigonga mashua ya taa ya East Goodwin, karibu na pwani ya Uingereza. Mashua ile ilikuwa na chombo cha Marconi, ikaita, na watu wa nchi kavu wakasikia. Desemba 1901 alipokea herufi moja tu, S, kutoka ngambo ya Atlantiki. Mwaka 1909 akapewa zawadi ya Nobel pamoja na Karl Ferdinand Braun.

Sasa tumwangalie kama patron. Kampuni yake haikuwa inauza chombo na kwenda zake. Ilikipangisha, na mtu wa kukitumikisha alikuwa mfanyakazi wake, siyo wa meli. Tena kwa miaka mingi wale vijana walikatazwa kuongea na meli yenye chombo cha kampuni nyingine, isipokuwa kwa hatari. Meli nyingi zilikuwa na kijana mmoja tu, asubuhi mpaka usiku. Sisi tunaojua zamu bila mtu wa kukupokea, tunaelewa.

Halafu ikafika usiku wa tarehe 14 Aprili 1912. Titanic ilipasuliwa na barafu. Ilikuwa na vijana wawili wa Marconi, Jack Phillips na Harold Bride, ambao usiku uliotangulia walikesha wakitengeneza chombo kilichoharibika. Kama wasingekitengeneza, pengine hakuna mtu angesikia. Meli Californian haikuwa mbali, lakini kijana wake alikuwa peke yake, ametumika tangu asubuhi. Muda mfupi kabla ya ajali alizima chombo akalala. Kwenye Carpathia pia alikuwapo mmoja tu, yuko anajitayarisha kulala, ila alikuwa bado anasikiliza. Carpathia ilikimbia, ikaokoa watu zaidi ya 700. Zaidi ya 1,500 walikufa, na Phillips kati yao. Alikuwa na miaka 25. Nyuma ya hapo, mkutano wa London, mwaka wa 1914, ukakubali kwamba meli kubwa za abiria zisikilize usiku na mchana. Chombo kilikuwapo mbele ya ajali. Kilichokosa ni mtu wa zamu ya pili.

Siku moja mtumbwi tuliopanda ulizimika injini katikati ya Lualaba. Motorola ilikuwapo, lakini betri imekufa: walitumia usiku kucha kupiga porojo. Wavuvi njo walituvuta. Tangu siku ile kabla ya kupanda tunauliza: betri imejaa? Kimefungwa ndani ya plastiki? Nani anasikiliza kule ngambo, na saa ngapi? Kikiloa, kizime, toa betri, kausha kivulini, pangusa vyuma vyake kwa kitambaa kikavu. Usikibebe kwa antena. Bonyeza, ngoja kidogo, sema kwa kifupi, achia. Ukiendelea kubonyeza husikii mtu.

Kwetu Kongo, kabla ya vita vya 1914, Mbelgiji Robert Goldschmidt alisimamisha vituo vya TSF kutoka Banana mpaka Elisabethville. Ile TSF wazee wetu waliijua.

Marconi mwenyewe, mwaka ule ule wa 1912, alipoteza jicho la kuume kwa ajali ya gari. Baadaye alinunua meli, Elettra, akaifanya nyumba na karakana. Mwaka 1923 aliingia chama cha Mussolini, na hatutamfichia hilo. Alikufa Roma tarehe 20 Julai 1937, na vituo vya redio duniani vikanyamaza dakika mbili. Elettra iliharibiwa katika vita, lakini kipande chake kimoja kimewekwa katika bustani ya ile nyumba ya baba yake, karibu na kaburi.