Bakathir: Malenga wa Hadharamauti Aliyegeukia Jukwaa

Wasomaji wa Kiarabu humjua marehemu Ali Ahmed Bakathir kwa riwaya yake Wa Islamah, iliyotoka mwaka 1945, na kwa tamthilia zake nyingi. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa malenga, na ushairi ndio uliomfikisha jukwaani.

Alizaliwa mwaka 1910 mjini Surabaya, kisiwani Java, kwa wazazi wa Kihadhrami. Kama Wahadhrami wengi wa ughaibuni, wakiwemo wa pwani yetu hii, babake alimpeleka Hadharamauti angali mtoto ili apate lugha na dini. Mjini Seiyun alisomeshwa sarufi na fiqhi, ami yake akiwa miongoni mwa walimu wake. Alianza kutunga angali mdogo, kasida za kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa desturi ya wakale. Alipokua akawa mwalimu, akatoa na jarida la Al-Tahdhib kuwahimiza watu wake elimu.

Ndipo mkewe alipofariki, bado kijana. Bakathir hakuweza kukaa tena. Alipita Aden, Usomali na Uhabeshi hadi Hijazi, akiomboleza kwa mashairi. Huko alisoma tamthilia za kishairi za Ahmed Shawqi wa Misri, akaona kwamba mapenzi na uchungu wa nchi yake vingeweza kusemwa kwa vinywa vya watu wengi. Mjini Taif akaandika Humam, tamthilia yake ya kwanza.

Taabu ilikuwa vina. Wahusika wanaojibizana, kila mmoja akifuata kina, mazungumzo yao hugeuka kasida. Mwaka 1934 alihamia Misri, akasoma Kiingereza katika chuo kikuu cha Cairo. Mwalimu wake Mwingereza alidai Kiarabu hakikubali shairi lisilo na vina. Bakathir akatafsiri Romeo and Juliet ya Shakespeare kwa shairi la namna hiyo hiyo, kisha mwaka 1938 akatunga tamthilia ya Akhnaton na Nefertiti. Mtindo huo ulipoenea baada ya vita vya pili, Badr Shakir al-Sayyab, malenga mkubwa wa Iraq, alikiri kwamba Bakathir alitangulia.

Baadaye tamthilia zake aliziandika zaidi kwa nathari, akiiona ndiyo iliyo karibu na maneno ya watu. Ubishi wa vina, ambao Waswahili nasi tunaujua sana, yeye aliujibu kwa kazi. Alifariki Cairo tarehe 10 Novemba 1969. Mola amrehemu.